Mbili za Mwisho Ni Zangu

Kama muntu amekuambia kinanda cha korali yetu kina mashetani, muntu huyo ni Mama Candide, na kusema ovyo hakuanza leo. Keti hapa. Minye Dorine ndiye niliyekijenga, minye na bwana yangu Clovis, kwa mikono hii unayoiona. Yeye na wenzake walikuwa wanakimbia na rozari mukononi. Minye nilibaki ndani nacho, kwa hiyo uniulize minye.

Kilikuwa cha Furere, mutawa mumoja muzungu, mwalimu wa nyimbo ku parokia. Si kinanda cha kawaida. Ni kabati la mbao, uso wake umejaa matundu na vifungo vya kuzungusha, na kamba za rangi za kuchomeka tundu hili na lile. Ukizichomeka vizuri kinaimba, ukikosea kinakoroma. Vita ya kwanza ilipofika Uvira, Furere akavuka kwenda Bujumbura na begi moja tu. Askari wakaingia mu nyumba yake wakabeba ile sehemu yenye meno meupe na meusi, maana kila muntu anajua piano. Kabati wakaliacha. Walidhani ni mutambo wa simu ulioharibika. Clovis, aliyekuwa anaongoza korali ya mutaa wetu wa Kilibula, akalisukuma ku mukokoteni mupaka nyumbani.

Nikamungoja ku mulango, mikono kiunoni. "Hii nayo ni nini? Tulikosa chumvi, weye unaleta kabati?"

"Dorine, kitu hiki kinasikiliza umeme," akasema. Jasho linamutoka na anacheka. "Ukikipa umeme kidogo kinaimba chini, ukikiongezea kinapanda. Ile piano waliyoiba kazi yake ilikuwa kukipimia umeme tu, kila jino na kipimo chake. Weye na minye tutakitengenezea meno mengine."

"Na kula?"

"Tutakula kisha."

Huyo ndiye aliyenioa.

Basi tukatengeneza. Ubao tuliutoa ku kitanda cha zamani. Meno yalikuwa spoki za baiskeli, tulizikunja moja moja. Chini ya kila jino tuliweka kifungo kimoja cha redio, kile cha kupandisha sauti, tulichong'oa ku redio zilizokufa. Unazungusha kifungo mupaka jino liimbe noti yake, kisha unakifunga na gundi kisihame. Fer ya kusudia, kile chuma cha moto cha kulehemu waya, hatukuwa nayo. Tulitumia musumari mukubwa wenye moto wa makaa, na vidole vyangu vina alama mupaka leo. Tuliuita ule ubao komande. Siku jino la kwanza lilipoimba, Clovis alinibeba juu kama mutoto, na minye nikamupiga ngumi za mugongo nikimwambia anishushe.

Lakini kulikuwa na kasoro moja. Komande ilikuwa inakunywa umeme uleule wa nyumba, na umeme wetu unaujua mwenyewe: jirani akichomeka pasi, wengine wote wanapungukiwa. Macho hayaoni usipoangalia sana, taa iko inawaka tu. Kinanda kilikuwa kinaona. Sauti ilikuwa inashuka kidogo, halafu inarudi. Clovis akasema tunahitaji régulateur, kidude chenye miguu mitatu, kidogo kama punje ya harage, kinachoshika umeme usicheze. Hatukuwa nacho. Basi tukawa tunajua mambo ya mutaa wote. Sauti ikishuka tunasema, haya, Mama Candide amepiga pasi, bwana wake anasafiri.

Na tulikuwa na muchezo wetu. Miaka ile ya vita hukuwa unafungua mulango kwa kusikia sauti tu, watu walikuwa wanaigiza sauti. Clovis akirudi alikuwa anagonga pigo moja refu, mawili mafupi, kisha ananyamaza. Minye ndani ninajibu mawili ku mbao. Akisikia mawili yangu anajua niko peke yangu na ni salama. Hakuna muntu mwingine aliyeijua hodi hiyo. Sasa siku moja akaenda kwa Mama Candide kumutengenezea réchaud, lile jiko la umeme, minye nimebaki nyumbani ninapima meno. Ghafula kinanda kikashuka: moja ndefu, mbili fupi, kimya. Pumbavu huyo! Alikuwa anawasha na kuzima réchaud ya watu ili anigongee hodi kupitia waya. Nilicheka mupaka nikakaa chini. Nikachukua pasi yangu nikachomeka mara mbili, huko kwao taa ikalegea, akajua nimejibu.

Mwaka wa tisini na nane vita ya pili ikaja. Wale walioshika muji usiniulize majina yao, walikuwa wanabadilika kila mara na wote walikuwa wanataka kuku. Walikaa mu depo ya zamani ya pamba, karibu na ziwa, chini ya mutaa wetu. Clovis alisikia kuna fundi ku mutaa wa Kimanga mwenye régulateur. Nikamwambia, "Acha, sauti ikitetemeka itetemeke."

"Siku ya Pasaka haitatetemeka," akasema, na akaenda.

Njiani walikuwa wanakamata wanaume. Walimukamata naye.

Nililala chini mbele ya kila ofisi. Nilifukuzwa kama mbuzi. Kisha habari ikaja kutoka kwa wavuvi kwamba wote walitupwa ziwani, na kwamba viatu vilionekana vinaelea upande wa Kalundu. Shangazi Generose, dada ya baba yake Clovis, akashuka kutoka Mulenge na panga na maneno yake. Ni mama mufupi, mwembamba, lakini akiingia mu nyumba hata mapaka yanakaa sawasawa.

"Tumuzike," akasema. "Tusipomuzika mutoto wa kaka yangu atazunguka hapa nyumbani, hatatuacha tulale."

"Tumuzike na nini, Shangazi? Iko wapi maiti?"

Akakata mugomba. Ni desturi yetu, muntu akipotea tunazika mutumba, shina la mugomba, mahali pake. Akaupima urefu wa Clovis, akauvika shati lake la korali, akaufunga na shuka, akaulaza ku mukeka katikati ya nyumba. Wamama wakalia. Minye sikulia. Nilikasirika sana! Nilisema sitalilia ndizi. Shangazi akanishika shingo kwa nyuma, akanipigisha magoti mbele ya ule mutumba, na hapo nikalia mupaka sauti ikaisha. Tukauzika nyuma ya nyumba. Wakaninyoa.

Siku za kutosha matanga, yaani kuyamaliza, zilipokaribia, korali wakasema wanataka kinanda cha Clovis kiimbe ku misa. Kumbe walikuwa wanakipenda, wale waliokuwa wanakicheka! Nikafuta vumbi. Yalikuwa yamebaki meno machache ya kupima. Jioni moja courant, umeme wa muji, ikarudi. Nikachomeka kamba, nikaweka jiwe ku jino moja ili sauti isikatike, nikakaa kusikiliza kama iko sawa.

Sauti ikashuka. Ikakaa chini muda murefu, ikarudi. Ikashuka kidogo, ikarudi. Ikashuka tena kidogo, ikarudi. Kisha kimya, imenyooka tu.

Mukono wangu wenyewe ulipiga meza mara mbili. Sikuuambia.

Niliogopa, na ninasema waziwazi: nilimwogopa bwana yangu mwenyewe. Nilitaka kukimbia na nilitaka kukumbatia lile kabati, nikabaki nimesimama palepale. Kesho yake jioni ikaja tena, saa ya chai, vilevile. Kesho kutwa tena. Siku ya nne walikuwepo watu wa korali. Niliwaambia sauti hii ni hodi ya Clovis, na kabla sijamaliza Mama Candide alikwisha kuwa barabarani, kiatu kimoja kimebaki kwangu. Wakamuleta Onesphore, katekista, na chupa ya maji ya baraka. Akaanza kumwagia kabati.

"Weye Onesphore!" nikapiga kelele. "Maji mu courant? Unataka kutuzika wote na weye mwenyewe?"

Shangazi hakukimbia. Alikaa ku kiti akasikiliza hodi ile mupaka ikaisha, uso umekauka. "Nilisema," akasema. "Mugomba haukumutosha. Iko anagonga, anataka njia. Tutoshe matanga haraka, na hili kabati litupwe ziwani alipo mwenyewe."

"Kabati haliendi popote."

"Dorine. Umenyolewa. Weye ni mujane. Usimushike mufu ku nguo."

Nilikaa na neno hilo usiku kucha, linaniuma. Lakini minye nimejenga komande kwa vidole, na kitu ulichojenga unajua kinaumwa wapi. Jioni iliyofuata nikakata waya wa komande ku courant ya nyumba, nikaifunga ku betri mupya za tochi. Nikaweka jiwe ku jino. Saa ya chai ikafika, ikapita. Sauti ikanyooka moja kwa moja, hakuna aliyegonga. Nikarudisha waya wa nyumba, palepale: moja ndefu, mbili fupi, kimya.

Ah! Mufu gani anachagua waya? Alikuwa anapitia ku courant.

Nikaondoka mbio na kichwa changu kilichonyolewa. Niliingia mu nyumba zote za laini yetu ya umeme kuuliza nani anawasha réchaud saa ile. Hakuna. Wengine walikuwa wanakula baridi. Nikafuata waya kwa macho, nguzo kwa nguzo, mupaka nyumba ya mwisho, na waya haukuishia pale. Ulikuwa unashuka mupaka depo ya pamba.

Nilirudi nikamukuta Shangazi anachambua maharage. Nikamweleza. Nilisema mu depo kuna muntu anawapikia wale watu chai, na muntu huyo anawasha na kuzima jiko kwa hodi ya nyumba yangu, na anaacha zile mbili za mwisho, maana anajua ni zangu. Ungo ukamwanguka.

"Iko muzima?"

"Iko muzima, Shangazi."

"Basi minye nilizika muntu muzima." Aliweka mikono juu ya kichwa. Sijawahi kumuona vile, yule mama. Kisha akafuta macho kwa kitenge, akasimama. "Haya. Anagonga tangu lini na hakuna anayemujibu? Tumujibu."

Pasi yangu peke yake haikutosha kufika kule. Ilihitajika mutaa wote. Lakini utaambiaje mutaa wote kuwasha na kuzima pamoja, bila wale wa depo kusikia? Shangazi akacheka, kicheko cha kwanza tangu ashuke Mulenge. "Nyumba ya matanga inakosa sauti?"

Jioni ile kila muke wa laini yetu alikuwa ku jiko lake, na réchaud au pasi. Hata Mama Candide, namupa haki yake. Hodi ikaja ku kinanda. Ilipofika pa kunyamaza, Shangazi akatoka uani akapiga yowe la kilio, "Uwiii, mutoto wangu!" na kila muke akachomeka, akachomoa. Yowe la pili, tena. Askari walisikia nini? Walisikia wamama wanaolia, jambo la kila siku. Mu nyumba zetu taa zililegea mara mbili kama muntu anayefumba macho.

Nikasimama mbele ya kinanda. Nilikuwa ninaomba, sijui ninamuomba nani. Sauti ikaanza kuanguka na kupanda, kuanguka na kupanda, bila mupango, kama muntu anayepiga mulango kwa mikono yote miwili. Kisha ikakatika. Tukakumbatiana pale, Shangazi na minye, tukalia kwa furaha, na majirani wakadhani ni matanga tu.

Kulipokucha Shangazi akafukua kaburi. Watu walishika midomo. Ule mugomba ulikuwa umeanza kuoza mu shuka, unanuka, shati la korali linaonekana. Akasema tubebe. Tukaubeba ku machela, wamama wa matanga wote nyuma yetu na mikeka, masufuria na makaa, tukashuka mupaka depo. Pale ku mulango mukubwa, mahali gari zao zinapita, tukaulaza. Tukatandika mikeka. Tukawasha moto. Matanga yakahamia pale.

Askari wa zamu akaja na bunduki yake. "Mama, hii nini?"

"Tulizika hii mahali pa mutoto wetu," Shangazi akamwambia. "Sasa tumejua mutoto iko kwenu. Chukueni yenu, mutupe yetu."

"Ondoa!"

"Ondoa weye. Iguse."

Hakuigusa. Hakuna aliyeigusa. Wale vijana hawakuogopa Mungu wala mama zao, lakini kuruka kitu kilichotoka kaburini na jina la muntu, hapana. Gari iliyokuwa inatoka ikarudi nyuma. Dereva akashuka akasema yeye hapiti hapo. Mukubwa wao akatoka, akatukana, akapiga risasi hewani. Sisi tukaimba. Tulilala pale, tukaamka pale, na watu wa Kilibula wakawa wanatuletea uji. Mwishowe gari zilikwama ndani na wao wenyewe njaa ikawauma, ndipo mulango mudogo ukafunguliwa. "Chukueni watu wenu na uchafu wenu," mukubwa akasema.

Walitoka wanaume wachache, wamefumba macho kwa jua. Niliangalia wa kwanza, wa pili. Niliangalia mupaka wa mwisho. Kisha nikaangalia ule mulango, nikangoja, na mulango ukafungwa.

"Clovis iko wapi?"

Mumoja wao akaja kwangu. Simujui, muntu wa bonde la Ruzizi, mifupa tu, mikono imeungua kwa jiko. Jina lake Thaddée. "Weye ndiye muke wa Clovis," akasema. Hakuniuliza.

"Clovis iko wapi!"

"Alikufa juma la kwanza, mama. Walimupiga, akawa anatapika damu. Nilimushika minye." Alikuwa anaongea polepole kama anayesoma. "Usiku ule alinifundisha ku ukuta. Moja ndefu, mbili fupi, nyamaza. Akaniambia, ukipata nafasi ya kugusa umeme, piga hivyo kila siku. Mbili za mwisho usizipige, ni za muke wangu. Akasema, muke wangu ana hasira, hatanyamaza."

Nilimupiga. Ndiyo, nilimupiga muntu aliyetoka gerezani, kifuani, kwa ngumi. "Kwa nini weye? Kwa nini weye na si yeye?" Akasema, "Sijui, mama," na akabaki amesimama nimupige. Shangazi akanishika kwa nyuma, safari hii polepole.

Nilipochoka, Thaddée akafungua pindo la suruali yake, akatoa kitu akaniwekea mukononi. Miguu mitatu, kama punje ya harage. Clovis alikipata Kimanga. Alikuwa anarudi.

Tukaurudisha mugomba nyumbani. Watu waliniambia, tia basi hicho kidude mu kinanda, ndicho alichokifia, sauti inyooke. Nilifungua shuka, nikakitia mufukoni mwa lile shati la korali, nikafunga. Tukazika mara ya pili. Minye mwenyewe nilimwaga udongo.

Misa ya kutosha matanga ilichelewa mupaka wale watu walipohama muji. Depo ilibaki tupu, na milango yake watu wamekwisha kuifanya kuni. Tuliweka kinanda ku kanisa, mwisho wa juu wa laini yetu. Kilibula yote ilikuwa mule ndani, nyumba zimefungwa, hakuna jiko lililobaki linawaka. Thaddée alikaa mustari wa mbele na muke wake, kofia yake ameishika kwa mikono miwili. Nikaanza kupiga. Korali wakashika wimbo.

Katikati ya ubeti sauti ikashuka, ikakaa chini. Ikarudi. Fupi. Fupi. Kimya.

Korali ikanyamaza. Niliangalia mikono ya Thaddée, ilikuwa ku kofia. Nilimwangalia Mama Candide, alikuwa amefunika mudomo. Yeye mupaka leo anasema ni mashetani, lakini shetani gani anapiga hodi kisha anangoja? Shangazi alikuwa ananiangalia minye tu, machozi yanashuka, na akaniinamishia kichwa, maana yake haya, mujibu.

Nikagonga ku mbao za kabati, mara mbili. Sauti ikabaki imenyooka, nikaendelea kupiga, maana korali ilikuwa inaningoja.